Tembo Waliosikia Kikamba Tu

Winfred Mumbua alikuwa akipiga pasi sare ya shule ya Nandini, sketi ya buluu yenye marinda yasiyotulia, mtoto huyo alipomjia na kipande cha boksi la maziwa ya unga akamwomba amchoree tembo. Ilikuwa alasiri, wakati wa joto ambapo Riyadh nzima hufunga mapazia. Winfred aliisimamisha pasi, akachukua krayoni ya kijivu, akachora tembo kwa mstari mmoja mrefu bila kuinua mkono, kama alivyozoea. Kisha akarudi kwenye marinda. Tembo alijikung'uta masikio, akashuka kutoka kwenye boksi, akasimama kando ya kikapu cha nguo akinusa soksi.

“Ana njaa?” Nandini aliuliza.

“Tembo ana njaa siku zote. Mletee maganda ya tikiti.”

Mtoto akakimbilia jikoni. Winfred akamalizia rinda la mwisho.

Kabla ya kuja Saudia alikuwa mchoraji wa mabango katika soko la Mutomo, kule Kitui, kazi aliyofundishwa na mjomba wake Zablon. Alichora vinyozi, hoteli, maduka ya dawa za mifugo. Mbuzi aliyemchora juu ya mlango wa bucha moja alikuwa akishuka mchana kula majani ya jirani, mpaka mwenye bucha akamwomba ampake kamba shingoni. Kuku wa bango la hoteli ya stendi walitaga. Watu wa Mutomo waliona hayo kuwa sehemu ya kazi: bango la Winfred lilihitaji maji na kivuli kama mfugo mwingine wowote. Na kwenye pembe ya kila bango, kwa rangi nyekundu, aliandika Winfred Arts, kwa sababu hakuona maana ya kufanya kitu kizuri halafu kikaachwa kama mtoto wa kuokotwa.

Halafu mashine ya kuchapisha mabango ya plastiki ikafika Kitui mjini. Mabango ya plastiki hayakula wala hayakutaga, na watu wakayapenda kwa unyamavu wake. Mwaka 2014 wakala alipopita Mutomo akitafuta wanawake wa kwenda Ghuba, Winfred aliziosha burashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia ndani ya sanduku pamoja na nguo.

Ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilikuwa kwa jina la kafili mmoja wa Riyadh, yaani mdhamini wake, Abu Turki, mwenye kampuni ya ujenzi. Lakini kazi alifanya nyumbani kwa injinia wa kampuni hiyo, bosi Raghavan, Mhindi wa Kerala, aliyeishi na mkewe Ambika na binti yao huyo Nandini.

Madam Ambika alikuwa mshairi. Aliwatungia watoto wa Kihindi waliozaliwa Ghuba, watoto waliojua lifti kabla ya kujua mnazi, na ambao wakisikia mvua walidhani bomba limepasuka juu. Alitaka kuwapa kitabu cha picha chenye hadithi na mashairi ya kwao, kichapishwe India na kisomwe Riyadh na Jeddah. Mashairi yalikuwa tayari. Michoro ilikuwa imeletwa na msanii mmoja wa huko kwao, na tembo wake walikuwa wazuri, wamevikwa maua, ila hawakupumua. Nandini alizifunua kurasa zile, akazifunga, akaomba biskuti.

Alasiri ile madam alitoka chumbani akamkuta tembo anakula maganda ya tikiti juu ya zulia. Alichuchumaa, akamtazama kwa muda.

“Nani kamchora?”

“Mimi, madam.”

“Masikio yake makubwa mno.”

“Ni masikio ya tembo.”

“Ya tembo wa Afrika, Vinifred. Wa kwetu ana masikio madogo.”

“Basi huyo wa kwenu husikia nini?”

Madam alicheka. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi nzito za kuchorea na rangi za maji alizokuwa amejinunulia mwenyewe zamani na kuzishindwa. Aliziweka juu ya meza ya pasi.

“Nichoree mwingine,” alisema. “Mwenye masikio yangu.”

Ndivyo kazi ilivyoanza. Kila alasiri, Nandini akiwa amelala, wanawake hao wawili walikaa kwenye meza ya kulia chakula, mmoja na mashairi, mwingine na burashi, wakibishana kwa Kiingereza kilichotiwa chumvi ya Kiarabu. Shairi la kwanza lilikuwa hili, na madam alilisoma kwa kugonga meza kwa kidole:

*Tembo mdogo kapiga chafya,*
*mnazi ukaangusha dafu,*
*bibi katoka na fagio:*
*nani kaleta huu uchafu?*

“Ni zuri,” Winfred alisema, na alimaanisha. “Lakini ubeti wa pili umeharibu. Umesema akapiga chafya, akacheka. Tembo akipiga chafya hukasirika kwanza. Kwetu tunao. Wanakuja shambani kutoka Tsavo, tunawajua hasira zao.”

“Huyu ni mtoto.”

“Hata mtoto. Hukasirika, halafu anaangalia kama kuna aliyemwona.”

Madam aliondoka na karatasi yake, amenuna. Kesho yake alirudi na ubeti mpya ambamo tembo alikasirika, akatazama huku na huku, ndipo akacheka. Nandini aliposomewa aliangua kicheko mpaka akashika tumbo. Winfred hakusema, “Nilikwambia.” Alisema, “Sasa nina cha kuchora.”

Alichora tembo mwenye masikio madogo na hasira za Tsavo. Alichora tausi, ndama, tumbili wawili wanaogombania fenesi, na bibi mwenye fagio. Kila alipochora alisema na mnyama kwa sauti ya chini, ili asimwamshe mtoto, na alisema kwa Kikamba. Hakunuia lolote kwa hilo. Mjomba Zablon alimfundisha kwamba mnyama asiyesemeshwa wakati wa kuchorwa hukauka jicho. Kwa hiyo alimwambia *uka*, njoo, alipokuwa akiutafuta mwili wake kwenye karatasi. *Ikala nthi*, kaa chini, alipokuwa akimpaka rangi. Na *syoka*, rudi, jioni ilipofika na meza ikatakiwa kwa chakula. Mnyama alirudi kwenye karatasi yake, Winfred akapangusa meza na kupanga sahani. Kwenye pembe ya kila picha, kwa wino mwekundu, aliandika Winfred Arts.

Siku moja Abu Turki alipita kwa habari za ikama. Alikaa kwenye zulia sebuleni na bosi Raghavan, wakaletewa gahawa na tende. Kati yake na sahani ya tende alikuwa amelala tembo.

“Huyu ana ikama?” Abu Turki aliuliza.

“Ni wa kitabuni,” bosi alisema. “Kitabu cha mke wangu.”

“Halas, basi,” Abu Turki alisema, akanyoosha mkono juu ya mgongo wa tembo akachukua tende. Alitafuna taratibu. “Na nani aliyemchora?”

Bosi Raghavan alimtazama Winfred, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika.

“Huyu wa nyumbani,” alisema.

Abu Turki alitikisa kichwa, bila ubaya wowote. “Ikama yake inasema kazi za nyumbani. Ikiandikwa mahali kwamba anafanya kazi nyingine, watakuja kwangu kwanza, halafu kwako. Sitaki mushkila, sitaki matatizo.” Kisha akaomba gahawa nyingine, akaisifu, akaondoka. Pasipoti ya Winfred ilikuwa ndani ya kabati la chuma la Abu Turki, pamoja na pasipoti za mafundi na madereva, na hakuna aliyeitaja.

Vitabu vilifika vikiwa ndani ya maboksi, wakati wa baridi, katika gari la kampuni lililoendeshwa na Nehemiah, dereva wa Abu Turki, mtu wa Vihiga. Aliyapandisha ngazini yote peke yake, akayapanga ukumbini, akasimama akipangusa jasho.

“Dada Winnie, wanasema hii ni kazi yako.”

“Fungua uone.”

Nehemiah akakata gundi kwa ufunguo wa gari. Harufu ya wino mpya ikatoka. Winfred alinawa mikono, akaikausha kwa aproni, akachukua kitabu cha juu. Jalada lilikuwa na tembo wake akipiga chafya, na rangi ilikuwa ileile, haikufifia hata kidogo. Alifungua ukurasa kwa ukurasa akihisi kifua kinapanuka. Hakuona mstari aliotamani kuufuta. Tausi alikuwa tausi. Tumbili walikuwa wezi kabisa. Alikuwa mchoraji mzuri kuliko alivyokumbuka, na alikumbuka kwamba alikuwa mzuri sana.

Ndipo akatazama pembe za kurasa. Palipokuwa na maandishi mekundu palikuwa na nyasi. Kila pembe, nyasi za kijani zilizotandazwa vizuri juu ya jina lake. Aligeuza jalada. Hadithi na mashairi: Ambika Raghavan. Chini yake hapakuwa na neno, kana kwamba picha zilijiotea.

“Hizi nyasi sikuzichora mimi,” alimwambia madam, aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba chake muda wote huo. “Na ni nyasi mbaya. Hazina mzizi.”

“Ni watu wa uchapaji. Bosi aliwaambia. Ulimsikia Abu Turki.”

“Nilimsikia. Na wewe uliwaambia nini?”

Madam Ambika alikuwa mwanamke aliyeweza kutafuta neno moja kwa wiki nzima. Sasa aliinama, akaanza kulifunga boksi. Nehemiah akasema gari limesimama vibaya, akashuka.

Jumapili Winfred alimpigia mama yake simu, akamwambia ametengeneza kitabu.

“Kitabu chenyewe kina jina lako?”

“Hakina, mama.”

“Sasa watu watajuaje?”

“Watajua,” Winfred alisema, ingawa hakuwa na sababu ya kusema hivyo, isipokuwa kwamba aliwafahamu wanyama wake.

Vitabu viligawanywa kwa watoto wa Kihindi wa Riyadh, na kabla ya wiki kwisha simu zikaanza. Mama mmoja alisema tausi amekaa juu ya friji na haambiliki. Wamemsemesha kwa Kimalayalam, Kihindi na Kitamil, na mumewe amejaribu Kiarabu, na tausi anawatazama tu kama mgeni aliyepotea njia. Mwingine alisema tembo wao amelala bafuni na watu wanahitaji kuoga. Hakuna aliyelalamika kwamba walikuwa wametoka kitabuni. Watoto walikuwa wamefurahi kupita kiasi. Malalamiko yalikuwa juu ya lugha.

Madam alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja. “Vinifred. Unawaambiaje warudi?”

“*Syoka*.”

Madam alilirudia neno hilo kwenye simu. Tausi wa watu hakusogea. Alilirudia tena. Mwishowe akampa Winfred simu.

“Mwite mtoto,” Winfred alimwambia yule mama. Mtoto akaja. “Sema *syoka*. Polepole, kama unapoza uji. *Sy*.”

Mtoto alisema. Upande wa pili zikasikika mbawa, kisha ukurasa ukifungwa.

Tangu hapo simu ilipolia alasiri, madam hakuipokea. Winfred aliweka kando chochote alichokuwa akifanya, akafundisha. Watu wazima walichelewa kushika. Watoto walishika mara moja. Haikuchukua muda basi la shule likawa limejaa watoto wanaoambiana *uka* na *ikala nthi*, na Nandini alikuwa bingwa wao, kwa kuwa alianza kabla yao. Winfred alikuwa akikunja nguo kwenye roshani aliposikia watoto wa ghorofa ya chini wakigombana, na mmoja wao, mtoto wa mhasibu wa Chennai, akamfokea mwenzake kwa Kikamba safi akae chini. Alisimama na shuka mkononi. Tangu atoke Mutomo hakuwa amesikia neno hilo kinywani mwa mtu asiye yeye.

Mwezi wa pili wakaalikwa Jeddah. Chama cha wazazi wa Kihindi wa huko kilikuwa kimenunua vitabu kwa watoto wote, na kiliandaa sherehe ya kumpa mshairi ngao. Nehemiah aliendesha kutwa nzima jangwani, bosi akiwa mbele, madam na Nandini na Winfred nyuma. Walifikia mtaa wa Al-Rawdah, kwa kaka yake madam, katika nyumba yenye ngazi za marumaru ambazo Winfred alizipiga deki asubuhi ya sherehe, kwa kuwa aliombwa.

Sherehe ilifanyika ukumbini, mchana, ukumbi umejaa. Winfred alivaa abaya yake iliyopigwa pasi vizuri, akawekwa nyuma kabisa karibu na meza ya sambusa. Nehemiah alisimama naye, eti kubeba masinia.

Mshereheshaji, mwanamume mwenye tai ya dhahabu, aliwaambia watoto wafungue vitabu vyao wote kwa pamoja. Wakafungua. Tembo wakatoka, kila kitabu tembo wake, na nyuma yao tausi na ndama na tumbili, na mabibi wenye fagio wakitafuta aliyeleta uchafu. Ukumbi ulikuwa mkubwa lakini haukujengwa kwa ajili hiyo. Tembo walianza kupiga chafya. Waliopiga chafya walikasirika, kama walivyochorwa, wakatazama huku na huku, na safari hii kweli kulikuwa na watu waliowaona. Mstari wa viti ukaanguka. Mtoto mmoja akabanwa kati ya mguu wa tembo na ukuta, akaanza kulia. Watoto walipaza sauti zote pamoja, *syoka* na *uka* na *ikala* zikachanganyikana, na wanyama wakageuka huku na kule wasijue wamsikilize nani.

“Nyamaza,” Nehemiah alimwambia Winfred kwa sauti ya chini. “Usiseme kitu. Waache wakutaje.”

Winfred alikuwa ameshika kingo za meza. Alimwona mtoto aliyebanwa, mguu wa tembo haujamwegemea bado. Alimwona madam Ambika jukwaani amesimama na kipaza sauti, amevaa sari ya kijani, akisema *syoka* kwa sauti nzuri ya mshairi, na wanyama wakimpita kama maji yanavyopita jiwe. Kisha madam akanyamaza. Alitazama juu ya vichwa vyote, mpaka nyuma.

“Vinifred,” alisema kwenye kipaza sauti. “Tafadhali.”

Jina lake lilitoka kwenye spika zote za ukumbi. Hakuwahi kulisikia likiwa kubwa namna hiyo. Aliiachia meza.

Hakupaza sauti. Alisema *ikala nthi*, kwa sauti ileile ya alasiri, na ukumbi mzima ukakaa. Tembo wote walikunja magoti kwa pamoja, sakafu ikatetemeka, sambusa zikaruka kwenye masinia. Tausi walikunja mikia. Mabibi waliweka fagio begani. Yule mtoto akatoka ukutani akamkimbilia mama yake. Winfred akatembea katikati ya wanyama wake, akiwagusa vichwa, na kila aliyeguswa alimgeuzia jicho. Aliwatazama wote. Alikuwa hajapata kuona kazi yake yote imekusanyika mahali pamoja. Masikio yalikuwa madogo kama madam alivyotaka, na yote yalikuwa yameelekezwa kwake.

“Ndio hawa,” alisema kwa Kikamba, kana kwamba mjomba Zablon alikuwa pale. Kisha akawaambia *syoka*, wakarudi, kitabu kwa kitabu, na watoto wakafunga kurasa.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mshereheshaji alirekebisha tai, akamshukuru yaya wa familia kwa utulivu wake, akamwita madam Ambika kupokea ngao. Ilikuwa ngao ya kioo yenye tembo ndani. Madam aliipokea kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa kuelekea nyuma ya ukumbi, watu wakadhani anawainamia wao.

Nehemiah alikuwa na hasira kuliko Winfred. Jioni, wakipakia gari, alisema angekuwa yeye angewaacha wavunje ukumbi wote. “Unaitwa yaya, na wewe ndiye mwenye mali!”

“Kulikuwa na mtoto, Nehemiah.”

“Na ngao je?”

“Uliona mkonga wa yule tembo wa ndani ya kioo? Kama bomba la maji. Ningeona aibu kuubeba mchoro kama ule.”

Nehemiah alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania.

Njiani kurudi Riyadh, bosi na Nandini wakiwa wamelala, madam aliongea akitazama dirisha.

“Nilitaka kusema pale. Kwamba ni wewe. Nilikuwa na sentensi nzima.”

“Mbona hukuisema?”

“Niliogopa. Abu Turki, ikama, kazi ya Raghavan.” Aligeuka kutoka dirishani. “Na makofi pia, Vinifred. Makofi yalikuwa mazuri.”

“Najua, madam. Mimi pia niliyasikia.”

“Unanichukia?”

Winfred alifikiri kwa ukweli, kwa sababu aliulizwa kwa ukweli. “Mashairi yako nayapenda. Lakini nataka jina langu. Nitalitaka kila siku, sitachoka kulitaka, ujue hivyo.”

Madam alisema anajua. Jangwa likaendelea kupita.

Vitabu viliisha, na wachapaji wakaandika kuomba mambo mawili katika toleo la pili: wanyama wafundishwe Kihindi na Kiingereza, na kitabu kiwe na mvua. Winfred aliwajibu kupitia madam kwamba mnyama hujifunza lugha moja tu, wakati wino ungali mbichi, na hawa wameshakauka. Walijaribu msanii mwingine. Tembo wake hawakupumua. Kuhusu mvua alikubali. Aliichora kwa rangi za maji, akiisemesha *mbua*, akaanza kulia kidogo kwa sababu ndilo neno lililozaa jina lake, Mumbua, mtoto wa mvua, na Mutomo mvua si kitu cha kuchezea. Aliandika jina lake kwenye pembe, kwa wino mwekundu, kama kawaida.

Toleo la pili lilipofika, pembe zilikuwa na nyasi. Mwishoni uliongezwa ukurasa mmoja wenye nyota za rangi ya dhahabu na kichwa cha maneno: Maneno ya Kichawi ya Kuwaongoza Wanyama. Chini yake yaliandikwa *uka*, *ikala nthi*, *syoka* na *mbua*, na jinsi ya kutamka kila moja. Haikusemwa ni maneno ya nani wala ya wapi. Madam alimwonyesha ukurasa ule mwenyewe, hakumficha, akakaa akingoja.

“Mmekosea herufi kwenye *nthi*,” Winfred alisema. Madam akaandika masahihisho. Winfred akasema tena, “Na jina langu,” kama alivyosema jana na juzi, na madam akajibu kwamba anajua, kama alivyojibu jana na juzi.

Mwaka uliofuata walirudi Jeddah kwa sherehe nyingine. Winfred alitumwa kununua maziwa na mkate, na Nehemiah akampeleka hadi mtaa wa Bani Malik, ambako alikuwa na rafiki wa kumsalimu. Bakala, duka la vyakula la mtaani, ilikuwa ndogo, rafu zake zimebanana. Mbele ya maziwa alisimama mwanamke wa Kihindi na mtoto wa kiume, na kando yao tausi, mkia wake umelaza pakiti za tambi chini. Mhudumu aliwaomba wamwondoe, watu wapite.

Winfred alimtambua tausi kwa namna alivyouinua mguu wa kushoto. Tausi alimtambua pia, akageuza shingo yote. Yule mama aliona.

“Usimwogope,” alimwambia Winfred, kwa Kiingereza cha polepole, kama anavyosemeshwa mtu asiyejua. “Ni wa kitabuni. Kuna maneno ya kichawi. Nikufundishe?”

“Nifundishe,” Winfred alisema.

“Sema hivi: *i-ka-la*.” Alilikata vipande, kwa upole, akionyesha kwa mkono. “Ukimwambia hivyo anakaa. Usipaze sauti. Mwanangu, mwonyeshe anti.”

Mtoto alisema. Lilitoka kinywani mwake kama linavyosemwa Mutomo, na hata ule mvuto mdogo wa mwishoni, ambao watu wa Kitui mjini huucheka, ulikuwepo. Tausi akakaa katikati ya pakiti za tambi.

“Umeona?” mama alisema kwa fahari.

“Nimeona,” Winfred alisema. Alimtazama mtoto. “Umelisema vizuri sana. Hilo ni Kikamba. Na tausi huyu nilimchora mimi, naitwa Winfred Mumbua.”

Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, akamshika mwanawe mkono wakaelekea kulipa. Mtoto alikuwa akigeuka nyuma kila hatua, akilijaribu jina hilo kinywani. Winfred aliziokota pakiti za tambi, akazirudisha kwenye rafu, akachukua maziwa na mkate, akapanga foleni nyuma yao.